Krimu Imegeuka Kahawia: Barua Zenu Kuhusu Vitamini A

Tangu nilipoigusia retinoli, ile vitamini A ya kutiwa kwenye vipodozi, katika toleo lililopita, barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: vitamini A inanunuliwa ghali, inatiwa kwenye krimu, kisha inaharibika kabla mteja hajaimaliza. Nimechagua chache. Ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaficha kama ilivyo kawaida ya ukurasa huu. Mwenye haraka asome jibu la kwanza, kwa sababu mengine mengi yametoka humo.

Juu kahawia, chini manjano

*Asalaam aleikum Bi Mfamasia. Natengeneza krimu za uso nyumbani, Fuoni. Ndugu yangu aliyeko Dubai kaniletea retinoli, mafuta mazito ya manjano kwenye chupa ndogo. Napasha mafuta ya nazi, ya alizeti na nta, natia retinoli humohumo, halafu maji ya moto, kisha napiga kwa mashine ya keki mpaka inafura. Naweka kwenye vikopo vya plastiki vyeupe. Ikitoka ina rangi ya siagi, inapendeza. Haufiki mwezi, juu inageuka kahawia na inanuka kama mafuta ya kukaangia yaliyolala. Ukichimba chini bado ni ya manjano. Nimeuziwa feki?*
Mwenye krimu, Fuoni

Waaleikum salaam, mwanangu. Sidhani kama umeuziwa feki. Jibu umeliandika mwenyewe: juu kahawia, chini manjano. Juu ndiko iliko hewa.

Molekuli ya retinoli ina mnyororo wa kaboni wenye vifungo maradufu vitano, kimoja kikipishana na kifungo cha kawaida. Mpangilio huo ndio unaoipa rangi yake ya manjano, na ndio udhaifu wake. Oksijeni inapata pa kushika. Ikishashika, zinazaliwa radikali, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, na kila radikali inaivamia molekuli ya jirani. Ukiacha mambo yaanze, yanaendelea yenyewe. Mwanga nao una yake: retinoli hunyonya miale ya urujuanimno, zaidi kwenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 325, na miale hiyo imo kwenye jua letu la kila siku. Kisha joto. Kwa makadirio ya jumla, kila nyuzi 10 zikipanda, mabadiliko ya namna hii yanakwenda mbio mara mbili au zaidi. Krimu iliyopangiwa rafu ya nyuzi 20 huko Ulaya, ukiiweka chumba cha bati Fuoni wakati wa kaskazi, usitegemee ifike tarehe iliyoandikwa.

Sasa tuitazame kazi yako, maana kila hatua uliyoieleza ina mlango ulioachwa wazi.

Kwanza alizeti. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, nayo huchacha upesi. Yakianza kuchacha yanatoa peroksidi, na peroksidi hizo ndizo zinazoila retinoli yako. Ile harufu ya mafuta ya kukaangia ni ya alizeti, si ya retinoli. Mafuta ya nazi ni mengine kabisa: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, isiyo na kifungo maradufu hata kimoja, kwa hiyo oksijeni haina pa kushika. Baki na nazi. Ukiweza kupata yale mafuta mepesi ya nazi yaliyochujwa, wanayoyaita MCT, ni bora zaidi kwa uso, kwani hayaachi mng'ao mzito. Lakini yawe mapya. Nazi ikichacha ni mbaya kama alizeti.

Pili, umeitia retinoli kwenye mafuta ya moto. Awamu ya mafuta na awamu ya maji unazipasha mpaka nyuzi 70 au 75 ili nta iyeyuke na vitu vishikamane, na hapo retinoli haina kazi. Subiri. Changanya, koroga, acha ipoe mpaka kipimajoto kisome chini ya nyuzi 40, ndipo uitie. Kipimajoto cha jikoni kinatosha. Kidole hakitoshi, maana kidole cha mpishi kimezoea moto. Kabla ya kuitia, ichanganye retinoli na MCT kidogo na vitamini E kwenye kikombe kidogo cha kioo, ili iingie kwenye krimu ikiwa imeshalainika na usihitaji kukoroga kwa nguvu.

Na hapo ndipo penye tatu, ambayo najua itakuuma: mashine ya keki. Krimu ikifura, kilichoijaza ni hewa. Umeichukua molekuli inayoiogopa oksijeni ukaizungushia mapovu maelfu, kisha ukafunga kopo. Wateja wanaipenda krimu ya kufura kwa sababu inaonekana nyingi na nyepesi. Mimi hiyo ningeiacha kwa krimu za mwili zisizo na vitamini A. Yenye retinoli ikorogwe kwa mwiko wa silikoni au kwa mashine ya kichwa kidogo kilichozama chini, taratibu, bila kuvuta hewa.

Maji yako yanatoka wapi hukusema. Kama ni ya bomba au ya kisima, kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, maji yamejaa chokaa, na wewe umeiona birikani kwako. Chokaa peke yake si adui mkubwa wa retinoli, ila chembe za chuma na shaba zinazokuja na mabomba na vyombo ndizo zinazochochea oksidisho hata zikiwa chache mno. Tumia maji yaliyotoneshwa, vyombo vya kioo au chuma kisichoshika kutu, na utie EDTA ya sodiamu, asilimia 0.1, kwenye awamu ya maji. Hiyo inazikamata chembe za madini na kuzifunga mikono. Sufuria ya shaba ya bibi iache ukutani.

Halafu pima pH, yaani kipimo cha uasidi. Karatasi za kupimia si ghali. Retinoli inataka karibu 5.5 hadi 6. Ukishuka sana, asidi inaing'oa molekuli ya maji kutoka kwenye retinoli na kuacha kitu kinachoitwa anhidroretinoli, kisicho na nguvu uliyoilipia. Ndiyo maana wale wanaokamulia ndimu kwenye krimu ya retinoli wanaiua kwa mikono yao. Asidi za matunda na vitamini C ya asidi zina pH yao ya chini. Zitengenezee chupa yake, zitumike wakati mwingine.

Chupa yenyewe ya retinoli inakaa wapi? Ikifika tu, igawe kwenye vichupa vidogo vya kahawia, uvijaze mpaka shingoni ili hewa isibaki, uviweke kwenye friji. Ukitoa kimoja, kiache kifikie joto la chumba kabla hujakifungua. Ukikifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa yetu unatona ndani. Na funga madirisha unapofanya kazi. Mimi hupima yangu jioni, pazia limeshushwa, balbu moja ya manjano inawaka upande wa pili wa chumba. Watu wa nyumbani wamezoea.

Kuhusu vikopo, soma jibu la tatu. Na hivyo ulivyonavyo vyenye utando wa kahawia, usikwangue juu ukauza chini. Vimwage.

Kidonge chekundu

*Shikamoo Bi. Nina vidonge vyekundu vya vitamini A, vile laini wanavyokamuliwa watoto mdomoni. Jirani kanipa. Nimesikia kimoja kina yuniti 200,000. Nikikikamulia kwenye losheni yangu si ndiyo retinoli hiyohiyo, tena bure?*
Mama wawili, Mkwajuni

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako haiko mbali. Yuniti moja ya vitamini A ni sawa na maikrogramu 0.3 za retinoli, kwa hiyo yuniti 200,000 ni miligramu 60. Ukikamulia kidonge kimoja kwenye gramu 100 za losheni umepata asilimia 0.06. Yaani kikaratasi kinakubali.

Mimi sikubali. Kidonge chekundu ni dozi ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, anaipata kila baada ya miezi sita. Cha buluu, yuniti 100,000, ni cha mtoto wa miezi 6 hadi 11. Vitamini hiyo inamlinda mtoto asipofuke na inampa nguvu ya kupambana na surua na kuhara. Kila kidonge kinachoishia kwenye shavu la mtu mzima kina mtoto aliyekikosa. Sitaki kujua kimepita wapi mpaka kikafika kwa jirani yako. Virudishe kituoni.

Tena hata kama si hilo, umefungua kidonge kilichotengenezwa kisiingize hewa wala mwanga, ukakimimina kwenye losheni ya chupa inayoangaza, bila vitamini E, bila EDTA, hujui pH yake. Hiyo asilimia 0.06 utaibakiza kwa muda gani? Na vidonge hivyo viwe mbali na watoto hapo nyumbani. Vitamini A ikizidi ni sumu kwa ini, na mtoto akivikuta anavidhani peremende.

Dirisha la duka

*Mimi ni mfanyabiashara hapa Darajani. Nauza seramu za retinoli za kutoka nje, zenye kidude cha kudondoshea matone. Nimezipanga kwenye kabati la kioo mbele ya duka ili zionekane. Mteja mmoja kanirudishia, anasema haimfanyii chochote. Tarehe bado mwaka mzima. Nimrudishie pesa?*
Kaka wa Darajani

Mrudishie, kaka. Tarehe ya mwaka mzima imeandikwa na mtu aliyedhani chupa itakaa kivulini.

Kabati la kioo linaloelekea barabarani, asubuhi jua limo humo, mchana ndani yake ni tanuri. Kama chupa ni nyeupe, basi hata usihangaike kuisoma lebo. Chupa ya kahawia inapunguza miale, haiifuti, na joto hailizuii kabisa. Weka maboksi matupu dirishani, bidhaa yenyewe iwe ndani, chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Wenye friji ndogo ya dawa waitumie. Najua umeme wetu una siku zake, na walioishi Unguja ile miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009, hawaiamini friji hata leo. Lakini friji inayozimika saa chache na mlango umefungwa bado ni bora kuliko kioo.

Sasa kidude cha kudondoshea. Kila ukikitoa, chupa inavuta hewa mpya, na kila ukikirudisha unaikoroga. Mteja akifika nusu ya chupa, nusu nyingine ni hewa. Kwa retinoli chombo bora ni tyubu ya aluminiamu, ile ya marhamu ya zamani, ambayo ukiiminya inabaki imeminyika na hewa hairudi ndani. Mwanga haupiti kabisa. Cha pili ni chupa ya pampu yenye pistoni ndani, yaani kisukumio kinachopanda kutoka chini kadiri unavyotumia. Kopo la mdomo mpana ni la mwisho: hewa, mwanga, na vidole.

Nitasema wazi na wenzangu watengenezaji wanisikie. Nikipewa fomula ya kawaida kwenye tyubu ya aluminiamu na fomula ya kifahari kwenye kopo, nanunua tyubu. Mtengenezaji asiyeweza kupata tyubu wala pampu hiyo, ushauri wangu ni kwamba asiuze retinoli kwa sasa. Auze krimu nzuri ya kulainisha, hakuna aibu.

Mafuta ya makonyo

*Bibi, salamu kutoka Pemba. Naishi karibu na Wawi, harufu ya kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, tumekua nayo. Nimesoma kwamba mafuta ya karafuu yanazuia mafuta mengine yasichache. Wateja wangu hawataki kemikali. Naweza kuyatia badala ya hiyo BHT mnayoisema, kemikali ya kuzuia mafuta yasichache, na yatanilindia krimu isiote ukungu pia?*
Mjukuu wa mkulima, Chake Chake

Salamu zimefika, mjukuu wangu, na swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu umesoma kweli. Mafuta ya makonyo sehemu yake kubwa kabisa ni yujenoli, na yujenoli ni fenoli. BHT nayo ni fenoli. Zote mbili zinafanya kazi kwa njia moja: zinatoa atomu ya haidrojeni na kuikabidhi radikali inayozurura, radikali inatulia, na ule mfuatano niliomweleza mwenzako wa Fuoni unakatika. Vitamini E ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo kikemia hujakosea hata kidogo.

Umekosea pa kuyatia. Retinoli peke yake inachokoza ngozi. Wiki za mwanzo mtu anakauka, anababuka, anawasha. Yujenoli nayo ni katika vitu vinavyojulikana kuleta mzio wa ngozi. Sheria za Ulaya zinataka itajwe jina lake kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika kipodozi cha kubaki mwilini. Ili ikulindie retinoli yako ungelazimika kutia kiasi cha maana, na kiasi cha maana cha mafuta ya makonyo kwenye uso ulioanza kubabuka ni kuni juu ya moto. Tena yanaipa krimu rangi, na fenoli hiyo ikikutana na chembe za chuma inazidi kuiva. Mafuta ya makonyo yawekee sabuni, mafuta ya kuchulia mgongo, na jino la mzee.

Badala yake tumia vitamini E, tokoferoli yenyewe na si ile asetati. Wengi wananunua tokoferili asetati kwa sababu ni rahisi na haiharibiki. Haiharibiki kwa sababu fenoli yake imezibwa, na fenoli ikizibwa haikulindii kitu ndani ya chupa. Tia asilimia 0.2 hadi 0.5. Usidhani ukizidisha ndiyo bora, maana ikiwa nyingi mno inaweza kugeuka na kuchochea oksidisho. BHT yenyewe inatiwa kidogo sana, asilimia 0.05 hadi 0.1, na retinoli nyingi za viwandani tayari zinakuja nayo. Isome karatasi ya bidhaa kabla ya kuwaambia wateja kwamba haimo.

La ukungu ni jingine, na hapa nakuomba usichanganye. Vitamini E na BHT zinazuia oksijeni isile mafuta. Hazizuii bakteria wala kuvu. Krimu yoyote yenye maji inahitaji kihifadhi chake, na hali ya hewa ya Pemba wakati wa masika wewe unaijua. Mkate unaota ukungu mezani. Wateja wasiotaka kemikali wauzie mafuta matupu, yasiyo na tone la maji. Na hayo yatakuwa salama zaidi kwa retinoli pia, kwa sababu bila maji habari ya pH inaondoka.

Umeuliza pia, kwenye mstari niliouondoa, kama mawese yanaweza kuwa badala ya retinoli kwa kuwa nayo yana vitamini A. Yana karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A ukiila. Ukiipaka, utakachokiona kwa hakika ni foronya ya rangi ya chungwa.

Sabuni ya mwani

*Kikundi chetu cha akina mama Paje tunatengeneza sabuni ya mwani. Mgeni kashauri tutie vitamini A tuuze ghali zaidi. Tunafaidika?*
Katibu wa kikundi

Mtafaidika kwa bei, mnunuzi hatafaidika. Sabuni yenu inatengenezwa kwa magadi makali. Retinili palmitati, yaani retinoli iliyofungwa na asidi ya mafuta, ikikutana nayo inavunjwa, asidi ya palmitiki inaenda kuwa sabuni na retinoli inabaki imevuliwa nguo. Wataalamu wa maabara wanafanya hivyohivyo makusudi wanapotaka kupima vitamini A kwenye chakula. Retinoli hiyo inakaa wiki kadhaa wakati mche unakauka kwenye upepo wa Paje, hewa pande zote, na ikisalia chembe inaogewa na kuteremka na maji. Mwani unatosha. Andikeni mwani kwa herufi kubwa.

Asilimia ngapi?

*Bi Mfamasia, nina duka Shangani, watalii wanaulizia asilimia ya retinoli. Mtengenezaji wangu anatumia palmitati, anasema ni imara zaidi. Mtalii mmoja kanambia palmitati ni ya kudanganyia. Nani mkweli? Na niandike asilimia ngapi?*
Dada wa Shangani

Wote wana nusu ya ukweli, dada. Kwenye palmitati, kile kichwa cha retinoli kinachoshambuliwa upesi kimefunikwa kwa asidi ya mafuta. Kwa hiyo inavumilia zaidi, na kwa joto letu hilo si dogo. Lakini ule mnyororo wa vifungo maradufu uko palepale, mwanga na oksijeni vinaufikia. Anayeitia palmitati kwenye kopo jeupe akajiona salama anajidanganya. Upande wa ngozi, palmitati lazima ivuliwe iwe retinoli, retinoli iwe retinali, retinali iwe asidi ya retinoiki, na hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi ndani ya seli. Kila hatua inapungua. Palmitati ni dhaifu kuliko retinoli, na retinoli ni dhaifu kuliko tretinoini, ambayo ndiyo asidi ya retinoiki yenyewe na ni dawa ya daktari. Tretinoini haina nafasi dukani kwako, hata mgeni akiiomba kwa upole.

Kwa mtengenezaji mdogo wa hapa, mimi namuunga mkono wa palmitati. Afadhali kitu dhaifu kilichofika kwenye ngozi kuliko chenye nguvu kilichokufa njiani.

Asilimia sasa. Uzito wa palmitati si uzito wa retinoli: kati ya gramu moja ya palmitati, sehemu ya retinoli ni zaidi kidogo ya nusu. Mwambie mtengenezaji wako aandike kwa kipimo cha retinoli, ndicho kinacholinganishwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024: losheni ya mwili isizidi asilimia 0.05, na vipodozi vingine, vya kubaki na vya kuosha, visizidi 0.3, vyote kwa kipimo hicho. Bidhaa mpya zinafuata kanuni hiyo tangu Novemba 1, 2025, na zilizokuwa sokoni kabla zina mpaka Mei 1, 2027. Lebo lazima imkumbushe mtumiaji afikirie vitamini A anayoipata kwa siku nzima, kwa sababu kuna chakula na kuna vidonge, na mwili unajumlisha. Hiyo si sheria ya hapa. Vipodozi vyako vinasajiliwa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, uwaulize wao. Lakini mgeni wako wa Ulaya anaijua, na wewe ukimwonyesha seramu iliyoandikwa asilimia 2.5 atacheka, au ataogopa.

Halafu jambo ambalo wengi hawalisemi. Namba ya kwenye lebo ni ya siku ya kutengenezwa. Viwanda vinavyojiheshimu vinapima kilichobaki baada ya miezi kadhaa kwenye joto la nyuzi 40, kwa mashine inayotenganisha retinoli na mabaki yake. Rangi haitoshi kukuambia, maana baadhi ya mabaki nayo ni ya manjano. Muulize mtengenezaji wako kama amewahi kupima. Akijibu kwa kukuonyesha jinsi krimu inavyong'aa, umeshapata jibu. Wakati huo andika tarehe fupi, chupa ndogo za gramu 15, na zitengenezwe kwa oda.

Mwari na singo

*Shikamoo. Mimi ni somo, nafanya singo na liwa kwa maharusi mjini. Siku hizi mabibi harusi wanakuja na krimu za retinoli wanataka nizipake wiki ya harusi ili ngozi ing'ae. Nifanyeje? Na zinachubua kama zile za sumu?*
Somo, Mlandege

Marahaba, mwenzangu. Hazichubui kama zile za zebaki na hidrokwinoni, ni jambo tofauti. Lakini wiki ya harusi ni wiki mbaya kuliko zote za kuianza. Retinoli inachukua wiki nyingi kuonyesha kheri yake, na shari yake ya mwanzo, kukauka na kubabuka, inakuja siku chache tu baada ya kuanza. Ukimsugua mwari wa namna hiyo kwa singo yenye karafuu na mlangilangi, utamtoa mwekundu, na lawama zitakuwa zako, si za krimu. Anayetaka aanze miezi mitatu kabla, usiku tu, kidogo, siku mbili kwa wiki, na mchana ajikinge na jua.

Aliyekwisha kuizoea aipumzishe wiki moja kabla hujamgusa. Kunyonyoa nywele kwa sukari usoni hapana kabisa akiwa anaitumia, ngozi inaweza kutoka na nywele. Na muulize faragha, kabla hujafungua chochote, kama ana mimba au anaitafuta mara tu baada ya ndoa. Kama ndiyo, krimu zote za ukoo wa vitamini A zikae kando mpaka azungumze na daktari. Mfanyie liwa ya asmini na maji ya waridi, atanukia mpaka fungate iishe.